Figo za Bata wa Régis

Mume wangu Régis anajua maini kuliko anavyonijua mimi. Simlaumu, maini hayamjibu. Sisi hapa Gaskoni, kusini mwa Ufaransa, tunafuga bata, na majira ya baridi yakikaribia tunawalisha mahindi kwa mrija unaoshuka hadi kooni, asubuhi na jioni, kwa majuma mawili, mpaka ini linavimba mafuta na kuwa na rangi ya siagi. Ndipo tunachinja, na watu wa mjini wananunua kwa ajili ya Krismasi, wanakula huku wamefumba macho. Régis humpapasa bata chini ya mbavu kwa kidole gumba akakwambia ini limefikia wapi, na hakosei.

Kwa hiyo daktari alipomlaza kitandani mwezi wa kumi na moja akaanza kumbonyeza tumbo, Régis alimwelekeza. Alimwambia ateremke kidogo, atumie kidole gumba, asiogope. Daktari Bénazet amezaliwa tukimwona, baba yake ndiye aliyekuwa akituletea barua, basi alivumilia. Halafu akatuonyesha picha iliyopigwa na mashine. Ini la Régis lilikuwa limejaa mafuta. Régis aliitazama ile picha, akasema kama mtu anayepanga bei:

“Daraja la kwanza.”

Mimi sikucheka. Régis ana kisukari cha miaka mingi, na anaishi nacho kama anavyoishi na mama yangu: anajua yupo, hamuulizi kitu. Daktari alimuuliza kama anakunywa pombe. Akasema hapana. Nikakohoa. Kila mchana, supu ikibaki kidogo chini ya bakuli, Régis huimwagia mvinyo mwekundu, akaliinua bakuli kwa mikono miwili na kugugumia, kama walivyofanya baba yake na babu yake. Nikamweleza daktari. Régis akasema hiyo ni supu. Sukari akasema haigusi, na zile plamu kavu anazotafuna mchana kutwa ni matunda, na matunda ni dawa. Na mafuta ya bata? Hapo alimtazama daktari kwa huruma. Mafuta ya bata ndiyo yanayotufikisha miaka tisini huku kwetu. Kila mtu analijua hilo, ukiwatoa waliokwisha kufa.

Kisha akaleta mapatano yake.

“Sikiliza, binti yangu. Bata ukimwachisha mrija, ini linarudi lenyewe. Nimeliona kwa macho yangu, mwaka ule mashine ya kulishia ilipoharibika. Basi acha Krismasi ipite, nile na watu. Mwezi wa kwanza nafunga mdomo, ini linarudi, tunaendelea na maisha.”

Nilitegemea daktari atambishia. Hakumbishia. Alisema ni kweli, hata la binadamu hurudi, japo si upesi hivyo, mtu akipungua mwili na kuacha pombe. Régis akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Ndipo daktari akasema majibu ya mkojo nayo yametoka, na figo zinavujisha protini. Kisukari na ini lenye mafuta vikishikana mikono, alisema, figo ndizo zinazobebeshwa mzigo, na zikishachakaa ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Zikifa kabisa, ni kwenda mjini kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, siku moja ndiyo, siku moja siyo, mpaka mwisho.

“Sasa nikuulize wewe mtaalamu, Mzee Régis. Na figo za bata? Baadaye huwa zinakuwaje?”

Régis akatazama kidole gumba chake.

“Sijui,” akasema. “Bata wangu hajawahi kufika huko.”

Mimi niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kubaki peke yangu na lile banda la bata.

Tulipofika nyumbani Régis alipita moja kwa moja bandani, akamtoa bata mmoja aliyekuwa katikati ya kulishwa, mzito kuliko wenzake, akamwachia uani penye majani. Nikamuuliza huyo vipi tena. Akasema huyo anangoja majibu. Miaka yote nimekuwa nikimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Siku ile niliiacha methali, nikaenda kuchemsha kabichi.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Asubuhi Régis alizunguka bwawa kwa miguu, na bata nyuma yake, wote wawili wamenuna. Plamu nikawapa majirani. Chupa ya mvinyo nikaihamishia kwa mama, ambaye hakulalamika. Krismasi wageni walikula ini, na Régis akala kabichi akiwatazama makooni, mpaka wengine wakaweka uma chini. Bata alikonda, Régis akakonda, na wote wakawa wakali.

Majani yalipochipua tukarudi kwa daktari. Ini lilikuwa limepungua sana. Figo bado zinavuja, alisema, lakini hazijaongeza. Régis akauliza habari njema iko wapi hapo. Akajibiwa kwamba hiyo ndiyo yenyewe, na akaitunze kwa kula vile vile na kumeza dawa bila kuruka.

Pasaka alikuja shemeji yangu Gilbert. Supu ilipobaki kidogo, akainamisha chupa aliyokuja nayo juu ya bakuli la kaka yake. Régis akalifunika kwa kiganja. Gilbert akacheka, akachungulia dirishani, akamwona bata.

“Na mwenzako yule? Mchinje basi, tuone kama ini lake limerudi.”

Kisu kilikuwa pale pale mezani. Sitadanganya, hata mimi nilitaka kujua.

“Hatutajua,” Régis akasema.

“Sasa ulimtoa kwa faida gani?”

“Nataka afike ambako wenzake hawajafika.”

Gilbert akanitazama, akidhani nitamuunga mkono. Nikachukua upawa, nikamtilia mume wangu maharage, upawa mmoja, nikasimama nao mkononi nikingoja aseme kama anataka mwingine. Tangu tuoane nilikuwa namjazia tu, sikuwahi kungoja.

Hakutaka. Nikaurudisha upawa sufuriani.