Mfanyakazi Amepoa

Kufika saa nne asubuhi, mpima joto wa kituo cha anga alikuwa ameshachambua asteroidi kumi na saba kutoka kwenye vumbi la nyotamkia. Kazi yenyewe haina makuu. Darubini yao haioni mwanga, inaona joto. Asteroidi hutokea kwenye skrini kama nukta, vumbi kama unga uliomwagika. Chumba huwekwa baridi ili joto la watu lisichafue picha, naye alikuwa amekaa humo miaka tisa na sweta mbili. Siku hiyo alipoinuka na kikombe chake kwenda kutafuta sukari, mlango haukumfungukia. Ulikuwa mlango wa kufunguka kwa joto la mwili, na yeye hakuwa nalo tena.

Mkuu wa kituo aliingia, akammulika kwa kamera ya joto. Kilichoonekana ni kikombe cha chai tu, kikielea hewani.

"Hongera," akasema. "Ndiyo maana picha za leo safi."

"Bosi, mama yangu anaumwa. Ruhusa nimeomba tangu mwezi juzi. Nitoke na wewe basi."

"Mimi sina neno, dada yangu. Lakini kwa kanuni, kilicho baridi ni kifaa, na kifaa hakitoki bila hati ya makao makuu."

Akaandika: *Mfanyakazi amepoa, naomba hati.* Makao makuu walisoma wakafurahi, maana mtu aliyepoa, mpole, asiye na maneno, ni adimu siku hizi. Wakaleta barua ya pongezi na mkataba wa miaka mitano zaidi. Hati hawakuleta. Mpima joto alikasirika, na hasira nayo haikumpasha.

Alhamisi mama yake alikuja mwenyewe. Wageni hawaingii, kwa hiyo alipitisha mkono kwenye kidirisha cha kupitishia karatasi, akamshika.

"Mbona baridi hivi, mwanangu?"

"Kazi, mama."

Kiganja kikajitokeza kwenye skrini, cheupe, juu ya vumbi. Mazoea yana taabu: kabla hajafikiri, alikuwa ameshakipima. Nyuzi thelathini na tisa na nusu.

"Mama, una homa kali! Hujaenda hospitali?"

"Nilikuwa nakungoja wewe unipeleke."

Mkuu, aliyekuwa humo chumbani, akakohoa kidogo. "Mama, samahani, unatuchafulia picha."

Mama, mtu wa adabu zake, akaomba radhi, akarudisha mkono, akaondoka akishika ukuta. Doa la mkono likabaki kwenye skrini. Kwa utaratibu wa kituo, joto lisilotoka angani hufutwa kabla ya saa tisa. Mpima joto alianza na kidole cha mwisho, akaenda kimoja kimoja, na chini yake vumbi likaonekana vizuri kabisa.