Bendera Yenye Pengo

Mke wangu Goreth ni fundi cherehani, na mkono wake haujui kutulia. Akiona uzi unaning'inia kwenye shati la mtu ndani ya lifti, hata kama hamjui, ataukata kwa meno. Tumeishi miaka mingi hapa mtaa wa South Beach, Durban, na nguo zangu zote zina viraka nisivyoviomba.

Kitu kimoja tu kinamtisha: sare ya jeshi. Askari ndio waliochoma nyumba yao kule Burundi akiwa mtoto, na mpaka leo akiona sare huvuka barabara bila kutazama taa.

Basi binti yetu Anaïs, aliyezaliwa hapa hapa Durban, alipojiunga na mafunzo ya maofisa wa jeshi chuoni, sare yake aliiweka kwa rafiki mtaa wa Berea. Ombi lake lilikuwa moja: siku ya kuhitimu, mama yake ndiye amvalishe nyota ya begani. Goreth alimjibu, "Nitakuombea nikiwa nyumbani." Mtoto aliumia, nami niliumia naye.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kuhitimu, Anaïs akaja na bendera ya kikosi. Desturi yao, atakayeibeba kwenye gwaride huipeleka kwao ikafuliwe kwa mkono. Ni ya kijani, ina kitabu na mkuki, na pembe moja haipo. Akaifua, akaianika, akaenda darasani. Kumwachia Goreth kitambaa chenye pengo ni kumwachia paka samaki. Anaïs aliporudi, bendera ilikuwa na pembe nne, na mshono huuoni.

Akakaa chini, machozi yakimtoka. "Eish, Mama. Ile pembe walikata wenyewe."

"Nani anakata bendera yake?"

"Wale wa kwanza wa kikosi, mwaka wa mafuriko. Kulikuwa bibi mmoja, mguu unatoka damu, bandeji hakuna. Wakakata bendera, wakamufunga, wakamubeba mpaka hospitali. Tangu siku ile hakuna mwenye anaishona."

Goreth akaipapasa ile pembe. Kisha akauliza polepole, "Maaskari walikata bendera yao juu ya bibi?"

"Ndiyo, Mama."

Akachukua wembe, akafumua kiraka uzi kwa uzi. Nilijifanya natengeneza simu ya mteja, maana mke wangu akilia mimi hulia kumshinda.

Jumamosi alivaa vitenge vya kanisani, akanitangulia kwenye teksi. Uwanjani alinishika mkono hadi ukaniuma. Bendera ikapita na pengo lake, Anaïs ameinyanyua juu. Wazazi walipoitwa, Goreth alitembea peke yake katikati ya safu mbili za sare. Akaibana nyota begani mwa Anaïs kwa haraka, nayo ikakaa upande.

Kapteni akanyoosha mkono airekebishe. Anaïs akamwomba aiache hivyo hivyo.

Na Goreth, asiyeweza kuvumilia hata uzi unaoning'inia, aliitazama ile nyota iliyopinda, akaiacha.