Ndoo Mbele ya Pazia

Fundi wa friji alipanda kifua mbele ngazi za duka la kuchapisha picha, yake kaibana kwapani. Kila Jumamosi mchana, wapenzi tisa wa picha hukutana chumba cha juu; mmoja hubandika kazi yake ukutani na wenzake huichambua. Siku hiyo zamu ilikuwa yake, na hakuwa na shaka kwamba picha ile ingeingia kwenye maonyesho ya mwaka huo.

Ilikuwa picha ya baba yake. Mzee amesinzia kitini, mdomo wazi, shati halijafungwa vifungo. Yuko chini pembeni, bega moja limekatwa na ukingo wa picha. Katikati, mwanga wa dirishani umeangukia ndoo ya plastiki ya buluu, ile anamojisaidia tangu apooze upande mmoja akawa hawezi kufika chooni.

Alipoibandika, sifa zikaanza kumiminika. Mpiga picha wa harusi akasema ule ukuta mtupu umeipa picha utulivu. Mwingine akasifu kivuli kilivyokatiza mshazari. Fundi akavimba kichwa.

"Mwanga huo nimeuvizia siku tatu," akasema. "Ukifika pale haukai dakika tano."

Mama Fremu, mtengeneza fremu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alikuwa hajafungua kinywa. Alivaa miwani, akasogea karibu na ukuta.

"Jicho langu linakwenda kwenye ndoo, linaganda hapo hapo," akasema. "Nikimtafuta mtu, namkuta kasukumwa pembeni kama mzigo. Ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka upweke wake uonekane, Mama."

"Haya. Na hiyo ndoo, ndipo inapokaa siku zote?"

"Hapana, huwa nyuma ya pazia. Niliisogeza mbele ishike mwanga."

Neno lilipomtoka ndipo naye alipolisikia. Mpiga picha wa harusi akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Mzee anajua?" Mama Fremu akauliza taratibu.

Fundi akatikisa kichwa, uso umemwiva. Lipo jambo ambalo hakulitamka: asubuhi ya kupiga picha alimwambia dada yake asimfunge baba vifungo, eti atamfunga yeye. Mzee huyo alikuwa karani wa shule miaka thelathini, na hata dukani hakwenda bila kufunga kifungo cha shingo.

Akabandua picha. Aliivuta kwa pupa, pembe moja ikachanika.

"Mimi nimesema ya picha tu," Mama Fremu akamwambia mlangoni. "Hayo mengine unayajua wewe."

Angeweza kuificha kabatini, yakaisha. Lakini alipofika nyumbani aliona hatoweza kumtazama mzee usoni, akamwekea picha mapajani na kumweleza yote, hadi habari ya vifungo.

Mzee akaitazama. Maneno humtoka kwa shida siku hizi.

"Wameiona wangapi?"

"Wanane, baba."

"Kuna anayenijua?"

Fundi alitamani kudanganya. "Mmoja. Yule wa harusi. Ulimwandikisha darasa la kwanza."

Mzee akafumba macho. Mkono wake mzima ukapanda hadi kwenye kola, ukabaki hapo.

"Nisamehe, baba."

"Bado," mzee akasema. "Niache kwanza."

Tarehe ya kupeleka picha za maonyesho ikapita. Siku zile zote mzee alimwita binti yake kwa kila jambo, hata kama fundi amesimama pale pale. Dada mtu alihangaika huku na huko, asiulize kitu. Fundi akala chakula chake jikoni kama mgeni asiyetakiwa, wala hakujitetea.

Siku ya kumi na moja, ingawa binti yake alikuwepo nyumbani, mzee alimwita fundi amkate kucha. Akavuta kigoda, akaushika mkono ule uliolegea, akakata ukucha mmoja mmoja. Wakazungumza habari za mvua.