Betri ya Mwisho

Ukitaka kujua nani amegombana na nani kati ya Emali na Nzaui, hukuwa na haja ya kuzunguka soko. Ulikwenda kwa Ndinda wa betri, ukapewa benchi, ukapewa chai, ukaondoka umeshiba habari.

Ndinda alikuwa na chumba cha mabati nyuma ya barabara ya Mombasa, na ndani yake chaja aliyoachiwa na marehemu mumewe. Siku hizo stima ilikuwa ya mjini tu. Watu wa vijijini walikuwa na redio, wachache na televisheni ndogo isiyo na rangi, na vyote vilikula betri ya gari. Betri ikiisha ilifungwa kwenye baiskeli au mgongoni mwa punda, ikaletwa kwa Ndinda. Na betri si chai, useme itachemka sasa hivi. Inataka siku nzima. Sasa mtu aliyetoka Nzaui ataenda wapi? Atakaa. Na akikaa ataongea.

Hata asiyeongea, betri yake ilimsemea. Ikija imekufa kabla ya siku zake, Ndinda alikuwa anacheka: "Nyinyi mmekuwa na wageni. Ni wale wa posa, ama nadanganya?" Ikija bado ina nguvu, aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani mgonjwa nyumbani?" Nyumba yenye mgonjwa haifunguliwi redio. Mara nyingi hakukosea.

Mwanawe Mutie alikuwa Mombasa, mabinti wameolewa Kitui, na jioni akishafunga mlango, sauti aliyoisikia ndani ilikuwa ya sufuria yake mwenyewe. Lakini mchana! Mchana alikuwa na watu hadi wengine wakikalia betri zao.

Kisha chifu akaita baraza. Akasema serikali itamsaidia kila mtu atakayefunga sola iliyotengenezwa hapa nchini. Kioo cha hapa, betri ya hapa, taa za hapa, na sehemu ya bei itabebwa na serikali. Anayetaka ya ng'ambo, shauri yake.

"Sasa hicho kioo cha Kenya," akauliza Muthoki wa Nzaui, mwanamke ambaye kwa Ndinda alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, "kitashika jua la wapi?"

"La Kenya, mwaitu, mama yangu," mzee mmoja akamjibu. "Ama ulitaka jua nalo lije na meli?"

Baraza likavunjika kwa kicheko. Na chifu alipotaka mtu wa kuandikisha wenye haja, mtu anayejua kila nyumba na kila njia, macho yote yalimwendea Ndinda. Naye akasimama kama bi harusi.

Majuma yaliyofuata, chumba chake kilijaa kuliko siku yoyote. Aliazima mabenchi ya kanisa. Watu walikuja kuandikishwa, wakaja kuuliza kama kweli wameandikishwa, wakaja kusindikiza wanaoandikishwa. Fundi Kivuva, aliyeletwa kutoka Machakos, akawa anapanda paa asubuhi na kushuka jioni. Ndinda alikoroga chai akaimba. Neno moja tu halikumjia akilini, yeye aliyejua mambo ya wote: mtu haandikishwi sola mara mbili, na mwenye jua juu ya paa habebi betri.

Muthoki ndiye aliyewashiwa kwanza. Alikuja kuaga kwa mbwembwe.

"Mimi Jumanne yangu ni ile ile, Mama Mutie. Betri au bila betri. Usiponiona, jua nimekufa."

Jumanne hakuonekana, na hakuwa amekufa. Alionwa stendi na nyanya zake kwenye kiondo, anakimbilia gari la kurudi. Wakafuata wengine. Leo huyu, kesho yule, kila mmoja akiwa na ahadi tamu mdomoni. Mabenchi ya kanisa yakarudi kanisani. Ndinda akaanza kusalimia hata watu waliosimama pale nje kufunga kamba za viatu.

Mvua zilipokatika, aliyebaki ni mmoja. Mzee Kiema.

Kiema alikuwa mjane wa Nzaui, jirani ya Muthoki, mtu wa maneno machache kama mshahara. Kila Alhamisi alikuja na punda wake, akashusha betri, akavua kofia na kuiweka juu ya goti. Enzi za kujaa, Ndinda alimpa chai akamsahau. Sasa tangu Jumatano alikuwa akifagia kwa ajili yake. Alimsimulia habari za zamani kwa kuwa mpya hazikuwa zikimfikia tena, na Kiema aliitikia "Ee," na "Aisee," na mara moja moja akatabasamu. Ndinda alirudi kitandani na tabasamu hilo kama mtu aliyepewa zawadi.

Alhamisi moja, Kiema alimaliza chai yake, akapangusa mdomo.

"Mama Mutie. Ule mpango wa sola. Naweza kuandikishwa bado?"

Ndinda akatazama benchi lake moja. Akatazama mlango. Mpango ulikuwa na zaidi ya wiki mbili kabla ya kufungwa, alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

"Umefungwa, Mzee."

"Umefungwa."

"Juzi tu. Ungesema mapema."

"Basi," Kiema akasema, akaweka kikombe chini polepole. "Kama umefungwa, umefungwa."

Akaja Alhamisi iliyofuata kama kawaida, na Ndinda akapika mandazi. Lakini mandazi yale hayakumshuka vizuri.

Alhamisi ya baadaye asubuhi ikapita, saa sita ikapita, Kiema haonekani. Ndinda alitoka nje mara nyingi hadi mwenye duka la pili akamuuliza kama amepoteza mbuzi. Jua lilikuwa limeshapinda alipomwona anakuja anachechemea, anasukuma wilbaro.

"Punda yuko wapi?"

"Punda alikufa Jumatatu."

"Ngai! Na umesukuma hii kutoka Nzaui? Na mguu?"

"Imepinduka pale korongoni. Maji yake yakanigusa kidogo."

Hayakuwa "kidogo". Maji ya betri yalikuwa yamekula suruali kutoka gotini hadi chini, na ngozi ya muundi imekuwa nyekundu kama nyama ya buchani. Ndinda alileta ndoo akapiga magoti, akamwagia maji, akamwagia tena. Mzee wa watu hakulia. Alikuwa akitazama pembeni kwa aibu, kama kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Mpango ulikuwa unafungwa Jumamosi.

Kesho yake Ndinda aliandikisha jina la Kiema, akamtafuta Kivuva, akamsumbua hadi akakubali. Jumamosi wakapanda Nzaui kwa pikapu, kioo kimezungushiwa blanketi la Ndinda mwenyewe.

"Wameongeza muda, Mzee," Ndinda alisema kabla hata ya kusalimia.

"Wameongeza," Kiema akaitikia, kwa sauti ile ile aliyosema nayo kwamba umefungwa.

Kivuva alipanda, akapigilia, akavuta waya, akashuka. Kukiwa bado kuna mwanga wa jua, alibonyeza swichi, na taa ndogo ikawaka ndani ya nyumba ya Kiema juu ya meza yenye sahani moja. Kisha fundi akasema kuna nyumba nyingine huko juu yenye waya mbovu, atashuka na kumpitia Mama Mutie pale njia panda, kwenye ua wa Muthoki.

Walipobaki wawili, Kiema akasema, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba haukuwa umefungwa. Dada yake Muthoki aliandikishwa kwako kesho yake, baada ya wewe kuniambia umefungwa. Muthoki aliniambia jioni hiyo hiyo, unamjua."

Ndinda alishika mwimo wa mlango. "Na hukusema neno?"

"Ningesema nini? Na mimi nilikuwa nataka kuja." Akatazama boma lake tupu. "Punda ndiye aliyekataa."

Hapo Ndinda angetoa chochote akae. Kiema naye alishavuta kigoda, akakipangusa kwa kofia.

"Kaa basi. Nikuwekee chai, leo zamu yangu."

Jua lilikuwa linazama. Mjane kwa mjane, taa mpya, mlango wazi, na kijiji kizima kina macho. Ndinda alijua hadithi ya namna hiyo inavyoanza, kwa kuwa mwenyewe alishabeba nyingi kutoka benchi hadi benchi, akizitia chumvi. Alijua mwanamke wa kanisa hubaki na nini zikishamaliza kuzunguka.

"Nitapita siku nyingine, Mzee."

"Pita."

Hakukuwa tena na betri ya kumshusha mzee hadi mjini, wala ya kumpandisha Ndinda hadi Nzaui, na wote wawili hawakutaja siku.

Alishuka hadi ua wa Muthoki. Dirisha lilikuwa linamulika buluu ya televisheni, linachezacheza.

"Hodi hapa!"

"Ni nani?"

"Ni mimi! Ndinda!"

"Ndinda wa betri? Woi! Karibu, karibu sana! Ngoja hapo hapo, mwaitu, nakuja. Hii inaisha sasa hivi!"

Ndinda akangoja, mkono juu ya mti wa ua. Ndani wakaangua kicheko wote pamoja, wakubwa kwa watoto. Alitega sikio apate kujua wanacheka nini, hakusikia vizuri, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Wakacheka tena.

Pikapu ikateremka na taa zake. Kivuva akamfungulia mlango.

"Muthoki amekukaribisha?"

"Sana," Ndinda akasema, akapanda. "Nyumba imejaa watu. Twende."