Nafasi ya Maji

Nyumba ya Lukumani bin Twalibu, pale Ipuli mjini Tabora, ilikuwa na mlango uliosifiwa mtaa mzima. Aliuchonga mwenyewe kwa mninga, akaubana kwenye fremu hata usingepata pa kupenyeza ukucha. Taabu yake ilikuwa masika. Mvua zikianza mlango ulivimba, ukalia kwenye fremu, ukagoma, na mkewe Zamda akalazimika kuzunguka uani na ndoo yake kichwani.

"Baba Siwema, acha nafasi kidogo," Zamda alimwambia kila mwaka. "Mbao nazo zinapumua."

"Fundi wa kuacha nafasi ni fundi wa mabanda ya kuku," Lukumani alimjibu, wala hakuupiga randa.

Zamda alifariki mwaka ule wa Uhuru, watu wakiwa bado wanaimba barabarani. Arobaini ikapita, binti yao wa pekee, Siwema, akarudi kwa mumewe Bukene. Lukumani akabaki na nyumba. Mchana alitengeneza vitanda vya maharusi. Jioni alipika ugali, na siku zote ulibaki, kwa kuwa mkono wake haukujua kipimo cha mtu mmoja. Masika yalipoingia, mlango ukagoma kama kawaida yake. Akazunguka uani, akasimama kidogo akingoja kusemwa. Hakuna aliyemsema.

Ndipo ikaja barua ya Abasi, rafiki yake wa utotoni aliyehamia Usumbura, kaskazini mwa ziwa la Ujiji. "Wabelgiji wanafungasha," Abasi aliandika. "Mmoja anauza mashua ya tanga kwa bei ya kutupa. Ziwa hili lina mawese, chumvi na dagaa wa kubebwa kuliko mabega ya babu zetu wote. Njoo."

Babu yake Lukumani alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani, mara nne, kwa miguu. Alifika ukingoni mwa ziwa, akatua mzigo, akachukua mwingine, akageuka. Lukumani aliisoma barua mara tatu, akaona nyumba isiyokaa mahali pamoja na isiyokuwa na mlango wa kugoma. Akauza nyumba ya Ipuli na kila kilichokuwamo, isipokuwa sanduku la vyombo vya kazi na mzigo wa mninga mkavu.

Siwema alikuja stesheni kumuaga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, wewe hata bwawa hujalivuka kwa mtumbwi."

"Mashua ni mbao. Na mbao zinanijua."

"Na ikishindikana, utarudi wapi?"

Treni ikapiga honi, naye akashukuru kwamba imepiga.

Mashua aliikuta Usumbura, juu ya magogo chini ya banda la mabati. Ilikuwa imekaa nje ya maji mwaka mzima. Mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, na ukichungulia ndani uliona mistari ya jua. Mwingine angesikitika. Lukumani aligonga ubao kwa kidole, akasikia unavyolia, akatabasamu. Kwa seremala wa vitanda na milango, mbao kavu ni nusu ya kazi.

Jirani na banda lile alifanya kazi Jilala, fundi wa mashua, Msukuma wa kando ya ziwa la Mwanza. Aliposikia mgeni ni Mnyamwezi, aliacha kazi yake akaja mbio, maana Msukuma na Mnyamwezi ni watani, na mtani anaruhusiwa kutukana bila mtu kununa.

"Mnyamwezi kanunua mashua! Utaibeba kichwani mpaka wapi?"

"Afadhali mimi. Wewe mchunga ng'ombe unatafuta pa kuikamulia maziwa."

"Sikiliza, mbeba mizigo. Usizibe nyufa hizi kwa kitu kigumu. Tia pamba ya mafuta, laini, halafu uijaze mawe uizamishe siku saba. Mbao zinywe. Zikishiba zitajifunga zenyewe."

Lukumani alicheka hadi akashika ubavu. "Ninunue mashua, kisha niizamishe! Kazamishe ng'ombe wako!"

"Nakwambia kweli."

"Lini Msukuma alimwambia Mnyamwezi kweli?"

Jilala naye akacheka, maana jibu zuri la mtani haki yake ni kicheko. Akarudi kwenye kazi yake.

Kwa miezi miwili Lukumani alichonga vipande vyembamba vya mninga, kila kimoja kwa kipimo cha ufa wake. Akavipaka gundi ya dukani isiyoogopa maji, akavipigilia kwa nyundo ya mti mpaka vikakaa kama vimezaliwa pale. Watu walikuja kupapasa, wasione pa kuungia. Abasi aliwaleta wageni wake kama anayeonyesha mali yake. Mwisho Lukumani akachonga jina kwenye ubavu: ZAMDA.

Waliishusha majini Ijumaa baada ya sala. Haikuingiza hata tone. Lukumani alihamia humo na mkeka wake, akapata mzigo wa kwanza, mapipa ya mawese ya kuchukua Rumonge Jumatatu. Akamwandikia Siwema: "Nimepata nyumba."

Jumatatu alfajiri, akifunga kilemba ajitayarishe, alisikia mlio. Aliujua kabla hajajua unatoka wapi. Ulikuwa mlio wa mlango wa Ipuli katika mvua ya kwanza.

Mbao zilikuwa zimekunywa siku tatu, zikavimba, zikakosa pa kwenda. Lukumani aliweka kiganja ubavuni akausikia unasukuma. Taruma la kwanza, mti ule uliopinda kama ubavu na kushika mbao kwa ndani, likapasuka kwa kishindo. Likafuata la pili. Misumari ikang'oka, maji yakaingia kwa upole, bila haraka, mpaka magotini. Akashuka na sanduku lake kichwani kama babu yake. Nyuma yake mashua ikainama, ikalala ubavu kwenye kina kifupi.

Jilala alikuja, akaitazama muda mrefu, akavua kofia. Hakusema neno. Ukimya ule Lukumani aliujua pia. Ndio uliomngoja uani kila jioni.

"Nitanie basi," alisema.

Jilala alikohoa. Kisha akaketi kwenye ubavu uliojitokeza nje ya maji, miguu ameipanua, kama mtani anavyokalia jeneza asiruhusu litoke.

"Maiti hii haitoki," alitangaza, "mpaka mtani apewe haki yake."

"Sina kitu, Jilala. Nyumba niliuza."

"Nani kataka nyumba ya mbeba mizigo? Lete gundi."

Lukumani akafungua sanduku, akampa kopo la gundi. Jilala akalipima mkononi, akalitupa ziwani mbali kadiri mkono wake ulivyoweza.

"Mataruma saba yamepasuka," alisema, safari hii bila mzaha. "Nimeyahesabu. Ng'oa kila ulichopigilia."

Kazi hiyo ilichukua miezi mitano. Lukumani alilala kwa Abasi, akatengeneza vitanda vya watu wa mtaa wa Buyenzi ili apate kula. Alichonga mataruma mapya, akasokota pamba, akaitia nyufani kwa mkono mwepesi, na kila mara mkono ulitaka kukaza, na kila mara aliuzuia. Kisha wakaijaza mawe, wakaizamisha. Kesho yake Jilala alipata kazi Uvira, ng'ambo ya ziwa, akavuka, akiacha tusi moja la kuagia.

Lukumani alikaa ukingoni siku saba, peke yake na sufuria yake. Mlingoti tu ndio uliotokeza. Maji yalipotulia aliweza kusoma jina lililoko chini. Barua ya Siwema ilikuwa mfukoni, ikiuliza nyumba mpya ikoje, naye bado hajaijibu. Siku ya nne alipika ugali, ukamzidi tena. Akaufunika, akasogea karibu na maji.

"Kunywa, mama Siwema," alisema. "Kunywa taratibu. Safari hii nimeacha nafasi."

Akasikiliza. Hakukuwa na mlio wowote.