Mtoto wa Taarifa ya Habari

Mama Yeremia anadai kwamba yeye ndiye wa kwanza kumwona mtoto. Anasema ilikuwa saa ya taarifa ya habari, ameshatenga ugali na mapanki ya kukaanga, msomaji amefungua mdomo aseme mambo ya bunge, mara picha ikaingia mvi. Ilipotulia, msomaji hayupo. Mahali pake palikuwa na mtoto ambaye hajazaliwa bado, amejikunja, anaelea, kichwa kikubwa na miguu kama ya chura. Mama Yeremia anasema hakushtuka. Alimtambua palepale kwa paji la uso kuwa ni wa Obedi fundi baiskeli, nyumba ya tatu kushoto. Akamwambia mumewe, Josephat, apande juu ya bati akageuze antena.

Majirani waliokuwepo sebuleni siku ile wanasema yote hayo ni kweli isipokuwa paji la uso. Aliyemtambua mtoto ni mzee Maige, na alimtambua kwa sababu Bernadeta, mke wa Obedi, alikuwa amekaa palepale mkekani, na kila mtoto alipopiga teke kwenye kioo, yeye alishika ubavu.

Televisheni yenyewe ilikuwa ndogo, haina rangi, inatumia betri ya gari. Josephat alikuwa wakala wa kununulia sangara kiwanda kimoja cha minofu, na miaka ile sangara walikuwa wameleta vitu vingi Kiseke: mabati mapya, redio kaseti, makochi ya vitambaa vya maua. Minofu ilipanda ndege ikaenda Ulaya. Mapanki, yaani vichwa na mifupa, yalibaki, na watu waliyala wakitazama televisheni.

"Imekuja?" Josephat aliuliza kutoka juu.

"Bado! Zungusha kwa Igombe!"

Josephat akazungusha mlingoti upande wa ziwani. Mtoto naye akazunguka polepole, akawapa watu mgongo.

"Hapo sasa umeharibu kabisa," mkewe akapiga kelele. "Rudisha kwa Buswelu!"

Akarudisha. Mtoto akageuka, kichwa juu, miguu chini. Picha ikawa safi kuliko siku zote, ila ilikuwa ya mtoto.

"Basi iache hivyohivyo," mzee Maige akasema. "Bunge litakuwepo na kesho."

Kesho yake bunge halikuwepo. Mtoto alikuja saa ileile ya habari, akakaa mpaka habari zilipokwisha, kisha likaja tangazo la sabuni. Ikawa hivyo kila siku. Watu wa Kiseke walizoea upesi. Waliotaka kujua mambo ya nchi walisikiliza redio.

Bernadeta alikuwa ameshamwona mtoto huyo asubuhi ya siku ile ya kwanza, mjini, kwenye mashine ya daktari Mihir. Zahanati ya daktari ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake zilinukia khanga mpya. Bernadeta alikwenda kwa sababu mimba yake ya kwanza ilitoka bila kuaga, na hii ya pili ilikuwa imefika mwezi wa nne. Daktari alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kidude chake, akamwonyesha moyo, uti wa mgongo, vidole. Alikuwa anazungumza vizuri tu. Alipofika shingoni akanyamaza.

Bernadeta alikuwa mtu wa kutazama. Aliuona ule ukimya kabla daktari mwenyewe hajajua kwamba amenyamaza.

"Nyuma ya shingo pamenenepa kuliko kawaida," daktari akasema baadaye, akiwa amekaa, mikono juu ya meza. "Inaweza isiwe kitu. Inaweza kuwa mtoto atakayekua taratibu, mwili na akili, na labda moyo wake uwe na kasoro. Mashine hii inashuku tu. Haithibitishi."

"Kinachothibitisha ni nini?"

"Nairobi wanaingiza sindano tumboni, wanatoa maji kidogo, wanayapima. Majibu yanachukua wiki kadhaa. Na sindano yenyewe, mara chache, mimba hutoka."

"Wakithibitisha, dawa ipo?"

"Ya kumbadilisha, hapana. Mtakuwa mmejua. Wako wanaotaka kujua wajiandae, na wako wasiotaka. Siwezi kuwachagulia, mama. Ila msikae sana, kipimo hiki kina muda wake."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jioni, wakati wenzake wanacheka miguu ya chura, Bernadeta alikuwa anatazama shingo.

Obedi alitaka waende. Hakuwa mkali, alitaka tu kujua. Kaka yake wa Magu alikwishakubali kuuza ng'ombe kwa ajili ya nauli na sindano. Obedi alikuwa na kibanda chake Buzuruga, karibu na stendi ya mabasi, na Bernadeta alipompelekea chakula cha mchana alimkuta ameinamia karai la maji, anapitisha mpira wa baiskeli ndani yake, anatafuta mapovu.

"Unaona?" Obedi akamwambia. "Mimi nikishuku tundu siachi. Naingiza kwenye maji, najua moja."

"Ukiona povu unafanyaje?"

"Naziba."

"Daktari wa Nairobi akiona povu, ataziba nini?"

Obedi aliutoa mpira majini, akaufuta kwa tambara, akautazama muda mrefu kuliko tundu lilivyohitaji.

"Haya, hazibi," akasema. "Lakini nitajua nimeshika nini mkononi. Kutokujua kunaniwasha, Berna. Kama upupu."

"Hata mimi kunaniwasha."

Wakala pamoja, kila mtu na muwasho wake, na chakula kilikuwa kitamu.

Aliyesisitiza kuliko wote alikuwa mama Yeremia. Kila Bernadeta alipoingia kutazama, alimshika mkono. "Mama kijacho, nenda ukapimwe. Ningekuwa mimi ningekwenda Nairobi hata kwa miguu. Ujue moja! Utakaaje na kitu usichokijua?" Watu walimwona mwema, maana alisema hivyo huku akimpimia Bernadeta panki lenye nyama zaidi. Bernadeta alipolala alimsikia bado, na siku ya Ijumaa alimwambia Obedi kwamba basi, waende, akamwulize kaka yake lini atapeleka ng'ombe mnadani.

Jumamosi upepo wa ziwani uliulegeza mlingoti. Josephat akaingia stoo ya nyuma kutafuta waya wa kufungia, akapanda nao juu, akasahau kurudisha kufuli. Watu walikuwa wanamtazama mtoto akinyonya kidole. Akatokea msichana kule nyuma. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, macho yamepanda pembeni, shingo nene. Gauni lake lilikuwa safi, limepigwa pasi, na nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa mkono wa mtu anayejua kusuka na asiye na haraka.

Hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja alikunja miguu apite. Msichana akaenda mpaka mbele, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye kioo. Mtoto akatoa kidole mdomoni, akaleta mkono wake mpaka palepale. Bernadeta, mkekani, alisikia chini ya kitovu joto la kiganja na vidole vitano vifupi.

"Mdogo wangu," msichana akasema.

"Binti, sogea kidogo na sisi tuone," mzee Maige akamwambia. Akasogea. Mzee akamshukuru.

"Ni mtoto wa ndugu yangu, wa Sengerema," mama Yeremia akasema, macho kwenye sufuria. "Amekuja kutusalimia."

"Karibu sana Kiseke," watu wakamwambia msichana.

Josephat akashuka, mikono ina kutu. Hakuwa amesikia mkewe alivyosema. "Justa! Umetokaje huko? Umekula lakini?"

"Bado, baba."

"Ana miaka mingapi huyu?" mzee Maige akauliza, kwa vile alikuwa mtu wa kuuliza.

"Kumi na mmoja," Josephat akajibu, anamtafutia sahani.

Yeremia alikuwa darasa la pili. Kila mtu pale alikuwa amekula pilau siku ya ubatizo wake, wakati wanasherehekea mtoto wa kwanza wa nyumba hii. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Justa akala, akanawa, akafuta mikono yake vizuri, kidole kimojakimoja. Mama yake akamshika mkono wakaenda nyuma, na kufuli likasikika. Kisha likaja tangazo la sabuni, watu wakaagana.

Jumatatu Bernadeta na mama Yeremia walikutana bombani. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kama uzi, kwa hiyo walikuwa na muda.

"Alipozaliwa," mama Yeremia akaanza bila kuulizwa, "mama mkwe alikuja kutoka Misungwi. Akamfunua, akamwangalia mara moja, akamfunika. Akasema huyu asihesabiwe, subirini wa kuhesabu. Tukasubiri. Akaja Yeremia."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilikuwa na miaka kumi na nane. Nilisema ndiyo, mama." Akasogeza ndoo. "Mimi hakuna aliyenionyesha kwenye mashine. Ningejua mapema ningelia mapema, nikamaliza mapema. Ndiyo maana nakwambia nenda. Si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya."

"Gauni lake napiga pasi kila siku," mama Yeremia akasema. Ndoo yake ikajaa, Bernadeta akamtwisha.

Siku hiyo Obedi aliporudi, Bernadeta alikuwa ameketi nje, anachambua dagaa. Akamwambia kwamba amebadili mawazo, hataki sindano.

Obedi akaegemeza baiskeli. "Ijumaa tulikubaliana. Kaka amekwishamchagua ng'ombe."

"Amrudishe malishoni. Wa kwanza alitoka sikumwona hata sura. Huyu nimemzoea, sitaki kumchokoa. Halafu lile ninalotaka kujua, sindano hailijui."

"Lipi?"

"Kama tutamfungia."

Obedi akageuka kuitazama nyumba yao, chumba kimoja na sebule, jiko nje.

"Mimi hata stoo sina," akasema.

Bernadeta akacheka mpaka dagaa wakamwagika. Obedi naye akacheka, kisha akainama kuwaokota.

"Ila nitalalamika," akasema. "Nitawashwa mpaka siku ya mwisho na nitalalamika."

"Lalamika, mume wangu."

Daktari Mihir alipoelezwa, hakubishana. Aliandika kwamba Bernadeta ajifungulie hospitali kubwa, si nyumbani, ili moyo wa mtoto utazamwe mapema. Akampa mkono, akamwambia ngazi zina mteremko, ashuke taratibu.

Miezi ikaenda. Sebule ya Josephat ilijaa kila jioni, na Bernadeta aliwekewa kochi. Mtoto alinenepa, akajaza kioo chote, mpaka wengine wakasema televisheni ile sasa ni ndogo, inunuliwe kubwa. Obedi alilalamika kama alivyoahidi. Bernadeta alikaa anamtazama mtoto, na mtoto, ilionekana, alikuwa hana shida yoyote. Zilikuwa jioni nzuri. Kule nyuma mlango ulikuwa na kufuli, na Josephat alikuwa amenunua waya mwingine akauweka jikoni, asilazimike kuingia stoo.

Alizaliwa jioni, ametanguliza miguu, wakamwita Kashindye kama ilivyo desturi kwa watoto wa namna hiyo. Lawama zilimwendea Josephat, kwamba asingeigeuza antena kwa Buswelu mtoto angetoka kwa kichwa. Josephat alikubali kosa, akaleta samaki mzima, sangara mwenye nyama zake. Na saa ileile aliyozaliwa, msomaji wa habari alirudi kwenye kioo, akaendelea kusoma bila kuomba radhi.

Daktari wa hospitali kubwa alimsikiliza mtoto moyo, akasema ni mzima. Kisha akasema kile kilichoshukiwa ndicho chenyewe.

"Tunafahamiana," Bernadeta akamjibu.

Obedi alikuwa anachunguza miguu. Kati ya dole gumba na kidole cha pili palikuwa na nafasi pana. "Huyu kaja tayari kwa kuvaa ndala," akasema, na muwasho wake wa miezi yote ukamwisha.

Kashindye alipofikisha miezi miwili walimpeleka kwa majirani. Sebule ilijaa. Mama Yeremia alimpokea yeye kwanza, na alijua kuikinga ile shingo laini bila kuambiwa, akampakata kwa namna ambayo mtoto hakulia hata kidogo. Mzee Maige alimtazama kwa karibu, akasema kwenye kioo alionekana mrefu. Watu wakacheka, wakampa hongera mama, hongera baba. Msomaji alikuwa anataja bei ya pamba.

Bernadeta akasogea mpaka kwenye kochi la mwenyeji wake.

"Mama Justa," akamwita, kwa sauti ya kawaida. "Naomba umfungulie, aje amshike mdogo wake."

Mama Yeremia alimfuta Kashindye mate kwa ncha ya khanga. Akamweka sawa kichwa, akaendelea kumbembeleza.

Kule nyuma mlango uligongwa polepole, kwa adabu.

"Hodi," sauti ikasema kutoka ndani. "Hodi humo."