Sauti ya Kuanzia

Fundi alikuwa amebana pini midomoni, akimpima mama yake mabega kwa ajili ya sare mpya ya kwaya. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa sauti, ya kwanza mbele, ya nne nyuma karibu na mlango. Mama alisimama wima. Alikuwa marehemu tangu mwaka juzi, na vidole vya Fundi vilikufa ganzi kila vilipomgusa.

"Usinibane kwapani," mama alisema. "Nitashindwa kuvuta pumzi."

"Mama, huvuti pumzi."

"Basi niachie nafasi ya heshima."

Wanawake wa sauti ya pili, waliokuwa wakiimba pamoja na Fundi, wakacheka.

Kwaya ile haikuwahi kuwa na kinanda. Ilianzia kwenye chumba cha dobi, mama akipiga pasi huku anaimba, wateja wakiitikia. Wengine walifikia hatua ya kuleta nguo safi ili wapate tu pa kuimbia. Mama ndiye aliyetoa sauti ya kuanzia, na kila mtu alichukua yake kutoka hapo. Kisha kifua kikamshika. Kikohozi chake kikaharibu rekodi waliyotaka kuipeleka redioni, nao wakapiga kura alipotoka kwenda kunywa maji. Alipoingia wakamwambia akae nyumbani. Hakuna aliyekwenda kumjulia hali.

Mazoezi ya kwanza baada ya mazishi, mama aliingia, akafuta kiti chake vumbi, akaketi.

"Umechelewa," mwekahazina alimwambia, akasogeza mkoba wake.

Tangu afe hakuwa anakohoa, kwa hiyo hapakuwa na kikwazo.

Sasa kwaya ilikuwa inatimiza miaka thelathini, na Mwalimu, kiongozi wao, alikuwa akijaribu kusoma historia atakayoitoa siku ya sherehe. Akafika kwa mama: "Mwasisi wetu, ambaye baadaye alijiuzulu kwa hiari yake."

Fundi akatema pini. "Kwa hiari ya nani, Mwalimu?"

"Dada, tusifukue mambo."

"Mlimfukuza. Alikufa akiniuliza mazoezi ni lini."

"Na huyu hapa ni nani? Mtu akirudi, hakufukuzwa."

Wote waliona hiyo ni hoja. Mama alikuwa akijitazama kucha.

Nyumbani, Fundi alizungusha cherehani kwa hasira. "Mwalimu asiposema ukweli, usitoe sauti. Waache wakodoe macho."

"Nimesikia, mwanangu."

"Umekubali?"

"Nimesikia."

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwalimu alisoma historia. Alipofika kwenye maneno "kwa hiari yake" aliyatamka kwa madaha, na watu wakapiga makofi. Kisha akaigeukia kwaya, akainua mikono.

Kimya.

Wanakwaya wote wakamtazama mama. Mama akamtazama binti yake. Fundi akatikisa kichwa: usitoe. Alitaka kimya kile kiwabane mpaka mtu mmoja, hata mmoja tu, ashindwe kuvumilia na kusema walichofanya. Mikono ya Mwalimu ilibaki juu. Mwimbaji mmoja wa sauti ya nne alijaribu kuguna, akapigwa kiwiko.

Hakuna aliyesema. Walisubiri tu, kama watu wanaosubiri umeme urudi.

"Mama, tafadhali," Mwalimu alinong'ona. "Watu wanatutazama."

Mama akafumba macho, akatoa sauti. Ilitoka safi, ndefu, bila pumzi ndani yake, na baridi ikatambaa kwenye viti vya mbele, wageni wakajifunika mitandio na makoti. Sauti ya kwanza wakaidaka, kisha ya tatu, kisha ya nne. Fundi alikaza meno. Zamu ya sauti ya pili ilipofika, mdomo wake ulifunguka wenyewe, akaingia mahali pake hasa.

Waliimba kuliko walivyowahi kuimba. Mwalimu aliinama mara kadhaa, akapewa maua.

Nje, kwenye ngazi, Fundi alimshika mama mkono, ingawa baridi ilimpanda hadi kiwikoni.

"Mbona umetoa, mama? Kidogo tu wangesema."

"Wasingesema, mwanangu," mama alijibu, akijinyoosha sare mabegani. "Wangepiga kura nyingine."